Kadi Nyuma ya Pazia

Sura ya Saba

Saa mbili na nusu asubuhi Sajini Mbula alikuwa ndani ya duka kubwa la Ukunda, akipima kwa miguu yake umbali wa kutoka kaunta namba nne mpaka mlango wa nyuma, ule wa kupakilia mizigo. Hatua tisa. Kutoka kaunta namba moja zilikuwa hatua thelathini na moja, na njiani palikuwa na friji za maziwa.

"Mteja mwenye magunia hulipia wapi?" aliuliza.

Meneja wa duka, Bwana Mramba, alikuwa akimfuata na fungu la funguo mkononi. "Namba nne. Wote. Ndiyo kaunta pekee ambayo toroli ya mizigo hupita."

"Koplo Mulwa alikuuliza swali hilo?"

"Hapana. Aliniuliza nani alikuwa namba nne."

Aliyekuwa namba nne ni Subira, msichana wa miaka ishirini na miwili, na sasa alikuwa kwenye seli ya kituo. Jumanne ya wiki iliyopita, kati ya saa nane na saa kumi alasiri, kadi ya benki ya mjane mmoja wa Milalani, Bi Mwanaima, ilitumika mara tatu kwenye mashine ya Subira. Shilingi laki moja na elfu themanini na sita zilikwenda. Bi Mwanaima aliapa kwamba kadi haijatoka mkononi mwake, na yeye mwenyewe hajatoka nyumbani. Koplo Mulwa akajumlisha haraka. Kadi iko nyumbani, pesa zimetoka dukani, basi mwizi ni wa dukani. Alimkamata Subira jana jioni. Kesho saa tatu asubuhi msichana angepelekwa Kwale mbele ya hakimu. Akishasomewa mashtaka ya wizi wa kadi, hata kama angeshinda kesi baada ya miaka mitatu, hakuna duka pwani nzima ambalo lingemkalisha tena mbele ya mashine ya pesa. Mkuu wa kituo alimwambia Mbula aipitie kesi kabla haijaondoka. Alimpa siku moja.

"Kamera?" Mbula aliuliza.

"Zinajifuta baada ya siku saba. Leo ni ya tisa."

"Na malalamiko yalifika lini?"

"Siku ya tano. Koplo alikuja siku ya nane."

Mbula alikunjua karatasi ya benki juu ya kaunta. Benki ilikuwa imeandika wazi: kadi iliingizwa, chipu ikasomwa, namba ya siri ikabonyezwa sawa mara ya kwanza, na hivyo hivyo mara zote tatu. Mbula alikuwa ameshughulikia kesi za kadi za watalii kule Diani kwa miaka minne. Alijua mwizi anaweza kunakili ule ukanda mweusi wa nyuma ya kadi kwa kifaa kinachoingia mfukoni. Chipu hainakiliki hivyo. Kadi iliyoingia kwenye mashine ya Subira haikuwa nakala. Ilikuwa kadi yenyewe.

"Swabir, nisomee alichonunua."

Konstebo Swabir, dereva wake, mzaliwa wa Msambweni, aliinua risiti usawa wa macho. "Mchele wa biriani, magunia manne ya kilo ishirini na tano. Mafuta ya kupikia, mitungi mitano ya lita ishirini. Sukari bandali sita. Majani ya chai. Sahani za karatasi mia tatu. Hiyo ni risiti ya kwanza. Ya pili ni hivyo hivyo, pamoja na vitunguu maji na..."

"Ukiiba kadi ungenunua nini?"

"Simu," Swabir alisema bila kufikiri. "Mbili. Halafu runinga."

"Huyu amenunua sahani za karatasi."

Swabir akaitazama tena ile risiti. "Sajini, hii ni hitima. Mtu hapa alikuwa akienda kupikia watu mia tatu."

"Hitima ya mume wa Bi Mwanaima?"

"Ile ilikwisha kitambo. Mzee alizikwa wiki tatu sasa. Hii ni ya mtu mwingine."

Mbula aliiandika hiyo. Kisha akamuuliza meneja kama Subira alimkumbuka mnunuzi. Mramba alisema msichana alieleza jana, ila hakuna aliyeandika: mwanamume wa makamo, kanzu, mwenye adabu, aliyempa pole kwa kusimama mchana kutwa. Alikuwa na pikapu nyuma.

"Nusu ya wanaume wa Kwale wana kanzu na adabu," Swabir alisema.

"Na pikapu?"

"Hapo wanapungua."

*

Walikuwa wamepita njia panda ya kwenda Msambweni simu ya Mbula ilipolia. Mulwa.

"Madam, unatafuta nini huko? Hii kitu nimeshafunga."

"Nimeona. Uliiona kadi?"

"Kadi gani?"

"Ya mama. Aliyosema haijatoka mkononi."

"Si alisema anayo? Mimi nilikuwa nje bana. Mama yuko eda, hawakubali mwanaume aingie. Nimekaa kwa baraza, tumeongea na pazia katikati, nikaandika."

"Kwa hiyo hukuiona."

"Nilisikia sauti yake, Madam. Mtu wa umri huo hawezi kukudanganya."

Mbula akakata simu. Swabir alikuwa akitabasamu peke yake.

"Sema," Mbula alisema.

"Wewe umekulia Shimba Hills, Sajini, unatujua. Mulwa ana mwaka mmoja tu hapa. Lakini hapo hakukosea. Hata mimi nisingeingia. Mke aliyefiwa anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Mwanamume asiye ndugu yake anaishia barazani."

"Najua. Ndiyo maana benki haijaiona ile kadi, Mulwa hajaiona, wala wewe hungeiona. Siku tisa kila mtu anaandika habari za kadi ambayo hakuna aliyeitazama."

Nyumba ya Bi Mwanaima ilikuwa ya mawe, imepakwa chokaa, na pazia la kijani lilining'inia kwenye mlango wa chumba cha ndani. Swabir akabaki barazani. Mbula alivua viatu, akajitanda kanga kichwani na kupiga hodi.

Bi Mwanaima alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, muuguzi mstaafu, aliyevaa nguo nyeupe isiyo na nakshi. Alikuwa ameketi mkekani, msahafu kando yake na miwani juu ya msahafu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe polisi?"

"Ndimi. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Afadhali wamemleta mwanamke. Yule wa juzi alikuwa akipiga kelele kama anaongea na mtu wa ng'ambo ya mto. Pazia si ukuta, mwanangu."

"Bibi, naomba kuiona kadi yako."

"Ipo. Nilimwambia ipo." Alivuta mkoba mdogo kutoka chini ya mto, akatoa bahasha, akatoa kadi ya bluu na kumpa Mbula bila kuitazama.

Mbula aliigeuza kuelekea dirishani. Akaisoma mara mbili. Kisha akachukua miwani juu ya msahafu, akampa Bi Mwanaima, na kadi nayo.

"Nisomee jina, Bibi."

Bi Mwanaima alivaa miwani. Midomo yake ilianza kusoma, ikasimama.

"Fauzia S. Mwachuo," Mbula alisema. "Ni nani huyo?"

"Simjui."

"Kadi hii ni ya benki yako, rangi ile ile, lakini si yako."

"Basi benki wamekosea."

"Mara ya mwisho uliitumia lini?"

"Kabla ya msiba. Nilitoa pesa mashineni za dawa za marehemu."

"Zikatoka?"

"Zikatoka."

"Basi siku hiyo ilikuwa yako. Baada ya hapo ukaingia ndani, hukutoka tena. Kadi imebadilishiwa humu, Bibi. Nani aliishika?"

Bi Mwanaima alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya nguo yake. Aliifuta muda mrefu.

"Hakuna."

"Namba ya siri uliiandika mahali?"

"Nimepima watu shinikizo la damu miaka thelathini na mbili. Siwezi kukumbuka namba nne?"

"Ulimtajia mtu?"

"Sikiliza, mwanangu. Bwana wa benki alinipigia simu. Akaniuliza swali hilo hilo. Akanieleza vizuri sana kwamba nikisema nimempa mtu namba, sirudishiwi hata senti moja. Vizuri sana alinieleza. Sasa wewe waniuliza tena."

"Na mimi nataka jibu."

"Jibu ni lile nililompa yeye."

"Kuna msichana yuko seli, Bibi. Kesho anapelekwa Kwale."

"Nimesikia. Mungu atamwonyesha njia."

"Anaitwa Subira."

Bi Mwanaima aliuchukua msahafu, akaufungua mahali palipokuwa na utepe. Hakusoma. Mbula alimwandikia hati ya kuichukua ile kadi, akaiacha mkekani, akatoka.

*

"Fauzia Mwachuo," alimwambia Swabir garini. "Jina hilo unalijua?"

"Wa Shimoni. Mumewe alikuwa afisa wa uvuvi. Alifariki, sasa yapata miezi miwili. Nilienda hitima."

"Wewe huenda hitima zote?"

"Zile zenye nyama."

"Kwa hiyo Fauzia naye yuko eda."

Swabir aliondoa mguu kwenye mafuta, gari likapunguza mwendo lenyewe. "Naam," alisema. "Yuko eda."

Shimoni walifika saa saba. Fauzia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnene, mwenye sauti kavu. Alipoambiwa kwamba kadi yake imepatikana Milalani alicheka.

"Kadi yangu iko kabatini. Huyo wa Milalani ana jini."

"Naomba uilete."

Aliileta. Ilikuwa ya bluu. Jina lililokuwa juu yake lilikuwa Biasha M. Tsuma. Fauzia aliliangalia jina hilo, kisha akamwangalia Mbula, na kicheko kikaisha. Mbula alimpa simu apigie benki, akasubiri wakati akijibu maswali ya upande wa pili: jina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa. Jibu lilipokuja Fauzia aliiweka simu chini mkekani, polepole.

"Shilingi mia nne na kumi," alisema. "Palikuwa na elfu tisini na tano."

"Hukupata ujumbe wa simu?"

"Ujumbe unaenda kwenye laini ya marehemu. Simu yake tuliizima siku ya maziko."

"Fauzia, tangu uingie ndani, nani ameishika kadi yako?"

Huyu hakuhitaji kusukumwa. Benki ilikuwa bado haijamfundisha la kusema.

"Mmoja tu. Luqman, wa maturubai. Alitukodisha turubai, viti mia mbili na sufuria, na akapika yeye. Siku ya tatu, baada ya hitima, akaja kuchukua vitu vyake na malipo. Akapiga hodi hapo nje ya pazia. Akasema laini yake ya simu ya kupokelea pesa ina tatizo, lakini ana mashine ya kadi. Nikapitisha kadi chini ya pazia."

"Na mashine akakupitishia ubonyeze?"

"Alisema mtandao haushiki ndani. Kweli haushiki, hata simu hapa nasimama dirishani. Na mimi siwezi kutoka, wala yeye hawezi kuingiza mkono. Ungefanya nini wewe?"

"Sijui. Wewe ulifanya nini?"

"Nikamtajia namba. Akabonyeza huko nje. Mashine ikakataa. Akanirudishia kadi chini ya pazia, akasema, 'Mama, usijitaabishe na haya, una msiba. Utanilipa ukitoka eda.'" Fauzia alitikisa kichwa. "Miezi miwili mizima namwombea dua mtu yule. Wengine walitaka pesa zao siku ile ile, mpaka wa barafu. Yeye peke yake ndiye aliyenisitiri."

Mbula alikuwa akiandika. Ndiyo maana hakuna malipo ya turubai kwenye karatasi ya benki ya Bi Mwanaima, na ndiyo maana Bi Mwanaima alifunga mdomo. Hakuwa akiilinda akiba yake tu. Hakumshuku hata kidogo mtu aliyemkopesha turubai na kumwacha aomboleze kwa amani.

"Alikuuliza benki yako kabla?"

"Aliuliza. Nikamwambia. Akasema vizuri, hiyo mashine yake inaijua."

Walimu, wauguzi na maafisa wengi wa huko wako benki moja. Kadi zote ni za bluu.

"Haya uliyonieleza nataka kuyaandika, utie sahihi," Mbula alisema. "Lakini nikwambie mapema. Ukiandika kwamba ulitaja namba yako ya siri, benki huenda wakakataa kukurudishia. Siwezi kukuahidi kitu."

"Na nisipoandika?"

"Kuna msichana wa kaunta kule Ukunda amekamatwa kwa wizi huu. Kesho asubuhi yuko Kwale."

Nje Swabir alikohoa. Fauzia alikunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ana umri gani?"

"Ishirini na miwili."

"Wangu ana ishirini na mmoja, yuko Mombasa, naye ni wa kaunta." Akavuta mkeka karibu. "Andika. Nipe kalamu ukimaliza."

*

Swabir, aliyekumbuka kwamba turubai la msiba wa Milalani nalo lilikuwa la Luqman, alitaka kwenda kumkamata pale pale. Mbula alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele na kadi mbili juu ya paja, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki.

"Tukimkamata sasa atasema nini?"

"Atakana."

"Atasema zilichanganyika. Ana wateja wengi, kadi zote za bluu, yeye ni binadamu. Neno la Fauzia litapambana na neno lake, na watu mia tatu waliokula biriani yake watakuja kumshuhudia. Hakimu anataka kitu anachoweza kukishika."

"Basi twende kwa huyu Biasha. Nasikia ni wa Lungalunga. Yeye atakuwa na kadi ya mwingine, na huyo ya mwingine."

"Na jua litatua tukiwa mpakani." Mbula alizigonga zile kadi kwa ukucha. "Tazama anavyofanya. Anachukua kadi ya Biasha, anaitumia mpaka inaisha au benki inaifunga. Sasa kadi hiyo haina kazi kwake, ila moja. Anaiweka, na akifika kwa Fauzia, anampa hiyo na kuchukua ya Fauzia. Ya Fauzia ikiisha, anampa Bi Mwanaima. Kila mjane ana kadi ya aliyemtangulia."

"Nimeelewa."

"Tangu asubuhi tunarudi nyuma, Swabir. Tugeuke. Kadi ya Bi Mwanaima benki waliifunga wiki iliyopita. Iko wapi?"

Swabir alifikiri kidogo. "Mfukoni mwake."

"Inasubiri nini?"

Swabir alitoa simu yake, akafungua kundi la matangazo ya misiba, akaanza kupandisha majina kwa kidole gumba. Walifariki watu watano wiki hiyo kati ya Ukunda na Vanga. Wawili walikuwa wanawake. Mmoja alikuwa mtoto. Mmoja alikuwa mzee ambaye mkewe alishatangulia.

"Gazi," alisema. "Mzee Ziro, juzi asubuhi. Mkewe ni Mwalimu Maimuna, wa shule ya msingi. Ana mshahara wa benki. Hitima leo baada ya sala ya alasiri."

"Turubai la nani?"

Swabir alipiga simu moja, akasalimia, akauliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya mguu wa mtu fulani, akatoa pole, kisha akauliza. Akakata.

"La Luqman," alisema. "Atakuja kulitoa saa kumi na moja."

Mbula alimpigia mkuu wa kituo akamweleza yote, akamsomea maelezo ya Fauzia neno kwa neno. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukipata kadi," mkuu alisema, "nipigie. Bila kadi, msichana anakwenda Kwale."

*

Mwalimu Maimuna alikuwa mwembamba na mwenye uso uliochoka. Chumbani mwake palikuwa na wanawake wanne, na Mbula akaomba abaki naye na wifi yake tu. Aliwaeleza kwa maneno machache. Wifi alianza kulia. Mwalimu hakulia.

"Luqman huyu alinisaidia kumbeba mume wangu kumtoa garini," alisema.

"Nimesikia. Na huenda hana kosa. Akikurudishia kadi yako, nitaondoka na nitakuomba radhi."

Mwalimu alitoa kadi yake. Mbula aliipiga picha mbele na nyuma. Kisha akaandika namba nne za uongo kwenye kipande cha karatasi. "Akikuuliza namba, msomee hizi. Usitaje yako."

"Na akibonyeza hizi itakataa."

"Hata ungempa ya kweli ingekataa, Mwalimu. Hiyo ndiyo kazi ya mashine ile."

Nje watu wa mwisho walikuwa wakitawanyika. Viti vya plastiki viligongana vikipangwa. Swabir alikuwa kati ya waliobaki, ameketi na kikombe cha kahawa, kofia kichwani, akibishana na mzee mmoja habari ya bei ya nazi. Pikapu nyeupe ilirudi nyuma mpaka karibu na baraza.

Saa kumi na moja na robo hatua zilisimama upande wa pili wa pazia.

"Assalaam aleikum."

"Aleikum salaam," Mwalimu alijibu.

"Mama Mwalimu, Mungu awape subira. Ni mimi Luqman." Sauti ilikuwa ya chini na ya upole. "Sikupenda kukusumbua siku kama hii. Ni yale malipo ya turubai na mapishi."

"Nikutumie kwa simu?"

"Laini yangu ina tatizo tangu jana. Nina mashine ya kadi hapa, kama una kadi. Benki yako ndiyo ile ya walimu?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Mashine inaijua."

Mwalimu alimtazama Mbula. Mbula akatikisa kichwa kukubali. Kadi ikapita chini ya pazia, na vidole vya upande wa pili vikaipokea. Mashine ikalia mara moja.

"Mtandao haushiki huko ndani, mama. Nitajie tu namba, nibonyeze hapa nje, tusikusumbue."

Mwalimu alisoma kwenye karatasi, namba moja moja, kama anavyowasomea watoto imla. Mashine ikalia mara nne, ikanyamaza, ikalia tena kwa sauti nyingine.

"Imekataa," Luqman alisema. "Basi mama. Usijitaabishe. Una msiba. Utanilipa ukitoka eda."

Kadi ilirudi chini ya pazia. Ilikuwa ya bluu.

Mbula aliiokota kwa ncha za vidole. Aliipeleka dirishani, akaisoma, akamwonyesha Mwalimu aisome bila kuishika. Wifi naye akainama kuangalia. Jina lilikuwa Mwanaima K. Mwaroro.

Mwalimu alikaa chini mkekani.

Mbula akalisogeza pazia na kutoka. Luqman alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, kanzu safi, ndevu zilizokatwa vizuri. Alikuwa ameshageuka kwenda kwenye pikapu.

"Bwana Luqman."

Akageuka. Alimwona mwanamke aliyejitanda kanga, akatabasamu. "Naam, dada. Poleni."

"Umeturudishia kadi ya mtu."

"Astaghfirullah. Samahani sana. Wateja wengi, kadi zinafanana." Akaingiza mkono mfukoni. "Hebu nione ya mama iko..."

"Toa mkono polepole," Mbula alisema. "Mimi ni Sajini Mbula, polisi. Wateja wengi, sawa. Huyu wa Milalani ulimhudumia wiki tatu zilizopita. Kadi yake inafanya nini mfukoni mwako leo?"

Luqman aliangalia pazia, akaangalia watu waliokuwa wakipanga viti vyake. Swabir alikuwa ameweka kikombe chini na kusimama karibu na mlango wa pikapu. Yule mzee wa habari ya nazi naye akasimama, bila kujua kwa nini.

"Tuongee pembeni, Sajini," Luqman alisema kwa sauti ile ile ya upole. "Hapa kuna msiba."

"Ulijua kuna msiba ulipopiga hodi."

Mfukoni mwa Luqman walikuta kadi ya Mwalimu Maimuna, na kipande cha risiti kilichokunjwa, ambacho nyuma yake zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu namba nne za uongo, wino bado mbichi. Swabir alimfunga pingu mbele ya mwili, akamshushia mikono ya kanzu ikazifunika, kwa heshima ya nyumba ya watu. Nyuma ya pikapu palikuwa na magunia mawili ya mchele wa biriani ambayo hayajafunguliwa.

Mbula alimpigia mkuu wa kituo kwanza. Mazungumzo yalikuwa ya dakika moja. Kisha akampigia Mulwa.

"Mfungulie Subira."

"Madam, hiyo lazima mkuu aseme."

"Ameshasema. Muulize, yuko ofisini."

Akasikia kiti kikisogezwa, mlango, sauti mbili, kisha Mulwa akarudi kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sawa. Lakini amelala. Usiku mzima alikuwa amekaa tu, ndiyo amelala sasa hivi."

"Mwamshe," Mbula alisema, "umwambie aende akalale kwao."